Kidogo Kisichokwisha

Kitu kidogo kisicho na mwisho si kidogo. Msomaji, ukilishika neno hilo, utakuwa umeshika nusu ya kazi ya mtu atungaye sheria za mchezo. Mimi nimelipata mezani, katika mchezo ambao machoni pa mpitaji ni porojo za watu watano na dadu chache.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson, watu wa Marekani, waliutoa mwaka 1974. Mchezaji mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa wengine huchagua nafsi yake ndani ya hadithi: huyu askari, huyu mwizi, huyu mganga. Msimulizi hueleza pango, mto au adui. Mchezaji husema atakalo kulitenda. Na jambo likiwa na shaka, dadu huamua. Uganga wake ni wa hadithi tu, ndugu wa ule wa Alfu Lela Ulela, wala haumdhuru mtu aliye nje ya hadithi.

Uganga huo una daraja. Ule mkubwa huangusha ukuta na kuteketeza jeshi. Ule mdogo huwasha mwanga, husafisha nguo, hurusha cheche ya moto. Watu wengi hudhani kwamba ule mkubwa ndio unaohitaji mizani. Sivyo. Ule mkubwa una lijamu tangu mwanzo, kwa kuwa hufanywa mara chache. Katika kitabu cha mwaka 1974 mganga mwanagenzi alikuwa na uganga mmoja tu kwa siku. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilimwongezea uganga mdogo mara 3 kwa siku. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, hesabu hiyo haikuwamo kabisa: uganga mdogo uliruhusiwa mara yoyote, asubuhi hadi usiku. Hapo ndipo mizani ilipohitajika kweli.

Tazama jinsi watungaji walivyopima. Mganga mwanagenzi akirusha moto hutupa dadu moja ya pande 10, na wastani wake ni 5.5. Askari mwanagenzi akipiga kwa upanga hutupa dadu ya pande 8, wastani wake 4.5, lakini nguvu za mkono wake humwongezea, tuseme, 3, naye hufikia 7.5. Basi mganga na arushe moto kutwa nzima, hatamwaibisha askari. Kwa upande wake mganga hulipwa kwa umbali, maana moto wake humfikia adui ambaye upanga haumfikii. Kila mmoja ana jambo ambalo mwenzake hana. Hiyo ndiyo mizani: si kwamba wote wanafanana, bali kwamba hakuna asiye na kazi.

Kupima pigo ni rahisi, maana pigo lina tarakimu. Kazi ngumu ni kupima uganga usiopiga mtu. Mfano mzuri ni uganga wa kuumba maji. Katika mchezo ndugu uitwao Pathfinder, uliotoka mwaka 2009, uganga huo uliwekwa katika daraja la chini kabisa, nao hauna hesabu. Mganga anayeanza hupata kiasi cha lita 7 na nusu kwa kila wito, na wito mmoja huchukua sekunde 6. Fanya hesabu, msomaji. Kwa dakika moja ni lita 75. Kwa saa moja ni lita 4,500, yaani mitungi 225 ya lita 20. Watungaji waliweka sharti kwamba maji yasiyotumiwa hutoweka baada ya siku moja. Sharti hilo huzuia ghala, halizuii kisima.

Penye mito mingi, jambo hili lingepita bila kuonekana. Lakini nilicheza na wanafunzi Ndabibi, katika uwanda wa majani ulio magharibi ya Ziwa Naivasha, na huko mtungi wa maji si neno la kitabuni. Una uzito wake, una njia yake, na mara nyingi una punda wake. Msichana mmoja alikuwa amechagua nafsi ya mchukuzi wa maji mwenye punda wawili. Mganga wa meza yetu alipotamka uganga wake kwa mara ya tatu, msichana yule aliweka dadu chini, akauliza, “Mwalimu, sasa punda wangu wafanye nini?”

Hatukuendelea mpaka swali lile lilipopata jibu. Kijana mmoja alishauri uganga ufutwe. Nilikataa, kwa sababu ukifutwa, mganga naye atauliza swali lile lile. Mwingine alishauri uwe mara tatu kwa siku. Shauri hilo lilikuwa jema, lakini lilikuwa hesabu tupu, halikuwa na sababu ndani ya hadithi. Shauri lililoshinda lilitoka mlimani. Kaskazini ya uwanda wetu upo mlima Eburru, ambako mvuke hutoka ardhini, na wenyeji huutega kwa mabomba hata ukapoa, ukadondoka maji tone kwa tone. Basi tulikata hivi: mganga haumbi maji, huyavuta. Pasipo mvuke, umande wala tope, hapati kitu. Na mtungi mmoja humchukua usiku kucha. Tangu siku ile mganga akawa wa kumwokoa mgonjwa aliyepotea nyikani, na punda wakawa wa kunywesha kijiji. Wote wawili walihitajiwa.

Ukitaka kutunga uganga mdogo wako mwenyewe, usiulize kwanza una nguvu gani. Uliza unaweza kufanywa mara ngapi. Uliza mfanyaji analipa nini: muda, uchovu au hatari. Kisha uliza swali ambalo watungaji wengi hulisahau: ni kazi ya nani itakayokufa uganga huu ukizaliwa? Mwanga usiozimika humnyima kazi mwenye mwenge. Ufunguo wa kila mlango humnyima kazi mwizi aliyejifunza kufuli kwa miaka. Huenda jibu likawa kwamba kazi hiyo na ife. Lakini mwenye kazi awe mezani, naye asikilizwe, kabla hukumu haijakatwa.

Mchezo ni mahali pema pa kujifunzia jambo hili, kwa kuwa hasara yake ni ndogo, na mwenye malalamiko ameketi mbele yako, unamwona uso.