Muthara: misuli hutoka sufuriani

MSAFIRI anayetoka mjini Meru kwenda Maua hupita Nchiru, makao ya baraza la wazee la Njuri Ncheke na ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Baada ya hapo barabara huelekea vilima vya Nyambene. Siku isiyo na ukungu, nyanda kavu za Isiolo huonekana mbali upande wa kaskazini. Muthara ni soko la kando ya barabara hiyo, katika Tigania Mashariki, na mgeni akishuka garini hulakiwa na mambo mawili: salamu ya “Muga!” na harufu ya miraa mbichi iliyofungwa kwa majani ya mgomba.

Nilifika huko na mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja jijini Nairobi. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na kopo kubwa la unga wa protini. Alikuwa amelinunua kwa pesa alizotumiwa na dada yangu ili ajilishe chuoni. Tangu Januari kijana huyo alikuwa akinyanyua vyuma kila jioni, lakini mikono yake ilikuwa bado ya mtu wa kubeba kalamu. Hakuwa na la kushangaza. Kwa kukosa pesa alikuwa akishinda kwa chai na andazi, kisha baada ya mazoezi anakimbilia kopo.

Tuliingia katika hoteli ndogo sokoni. Mpwa wangu akaomba maji, akatoa kopo na kuanza kukoroga. Mama mwenye hoteli alimtazama kwa huruma.

“Kijana, hiyo ni dawa ya ugonjwa gani?” akauliza.

“Si dawa, mama. Ni ya kujenga mwili.”

“Basi kula kwanza huo mwili uwepo,” akasema, akamwekea sahani ya githeri iliyofurika.

Msomaji, usimcheke mama huyo, kwani wataalamu wa lishe wako upande wake. Mtu mzima asiyefanya mazoezi mazito huhitaji takribani gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma huhitaji zaidi, na uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida hupungua sana mtu akishapita gramu 1.6 hivi. Kijana wa kilo 60, basi, hulenga gramu 96 kwa siku.

Je, zitatoka wapi? Nilizunguka sokoni kuhesabu. Palikuwa na maharagwe, njahi, kunde, ndengu na mbaazi. (Mtu wa pwani aangalie: huku Meru na Embu akiagiza njugu, huenda akapimiwa mbaazi!) Nafaka hizi za jamii ya kunde zikiwa kavu huwa na protini ya kiasi cha sehemu moja kwa tano, na ndengu hata zaidi. Zikipikwa hunywa maji, kwa hiyo gramu 200 za maharagwe yaliyoiva hubaki na gramu 17 hivi za protini. Yai moja lina gramu 6. Nusu lita ya maziwa ina 16. Nyama ya mbuzi iliyopikwa, isiyo na mafuta, hukaribia gramu 27 kwa kila gramu 100.

Githeri nayo ina hekima yake. Mahindi yana upungufu wa baadhi ya viini vya protini ambavyo maharagwe yanavyo kwa wingi, na maharagwe yana upungufu wa vile ambavyo mahindi yanavyo. Vikichanganywa sufuriani, kimoja huziba pengo la kingine. Protini ya mimea husagika tumboni kwa shida kidogo kuliko ya nyama au maziwa, kwa hiyo anayeitegemea aongeze kipimo. Sahani ya mama yule haikufurika bure.

Basi tulipiga hesabu ya siku moja: asubuhi mayai mawili na nusu lita ya maziwa, gramu 28. Mchana githeri, gramu 24 hivi. Jioni ndengu na chapati mbili, gramu 22. Kabla ya kulala kikombe kikubwa cha mala, gramu 10. Jumla ni 84, na siku ya nyama ya mbuzi mia inapitwa.

“Lakini mjomba,” mpwa wangu akateta, “lazima ninywe nusu saa baada ya mazoezi, la sivyo ni kazi bure.”

Imani hiyo imewatia wengi haraka isiyo na sababu. Mtu akinyanyua uzito, misuli huendelea kujirekebisha kwa siku nzima na hata zaidi. Linalotangulia ni jumla ya siku, kisha kuigawa katika milo mitatu au minne, kila mmoja ukiwa na gramu 20 au zaidi. Aliyekula githeri saa nane akafanya mazoezi saa kumi na moja, anaweza kungoja chakula cha jioni bila wasiwasi. Ama unga wake wenyewe, tuliposoma maandishi ya kopo tulikuta umetokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini. Kijana alikuwa amebeba maziwa kuyaleta kwa wafugaji!

Jioni tuliwakuta vijana wa Muthara wakifanya mazoezi nyuma ya duka. Vyuma vyao vilikuwa makopo yaliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba. Wengi walikuwa na vifua vipana, na chakula chao ni kile kile cha mama. Mmoja tu alikuwa mwembamba kama fito. Yeye huchuma miraa mchana na kuitafuna usiku.

“Nikitafuna sisikii njaa,” alituambia. “Usingizi nao naupata kesho yake.”

Hapo ndipo ilipo hatari ambayo haimo katika matangazo ya kopo lolote. Miraa ndiyo iliyosomesha watoto wengi wa Tigania na Igembe, na soko lake liliyumba vibaya Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014. Lakini kwa mwenye kuitafuna, huondoa hamu ya chakula na kufukuza usingizi, na misuli hujengwa kwa hivyo viwili. Anayekosa chakula cha usiku na usingizi wake hata akinyanyua mlima Nyambene atabaki alivyo. Chai na andazi vya mpwa wangu vilikuwa vikimtenda hivyo hivyo, polepole.

Asubuhi ya kuondoka alinunua kilo mbili za ndengu, mbili za maharagwe na moja ya mbaazi, akalumbana na utingo wa matatu juu ya nauli ya mzigo. Unga aliumaliza baadaye, kwani pesa ya mama haitupwi. Kopo bado analo chumbani chuoni. Humo huweka ndengu.