Ndoa Iliyopotea Vitabuni

Kila ukoo una neno lake ambalo watu wazima hulisema kwa sauti ya chini watoto wanapokuwa karibu. Katika ukoo wetu, kule karibu na Nkubu, neno hilo lilikuwa "alikuja tu". Lilimhusu nyanya mkuu, yaani mama aliyemzaa babu yangu. Alitoka upande wa Embu, ng'ambo ya mto Thuci, na baadhi ya jamaa walishikilia kwamba hakuolewa na mtu. Alikuja tu, akakaa, akazaa.

Neno hilo lilikaa miaka na mikaka bila kumdhuru mtu, hadi habari ya shamba ilipozuka. Baba yake babu alifariki wakati wa Hali ya Hatari, iliyodumu tangu 1952 hadi 1960. Ardhi ilipopimwa na kuandikishwa baadaye, shamba liliandikwa kwa jina la mdogo wake, kwa mapatano kwamba angewashikia watoto wa marehemu. Sasa naye hayupo, na wanawe wanasema babu hana chake pale kwa sababu mama yake hakuwa mke wa mtu. Mbele ya wazee wakamwambia waziwazi, "Wewe tuletee cheti." Babu, mzee wa miaka 81, alirudi nyumbani akalala bila kula. Baba alijaribu kumtuliza kwamba ndoa ya kimila nayo inatambuliwa na sheria, hata bila karatasi ya kanisa. Babu akajibu, "Shamba ni shamba. Mimi nataka jina la mama."

Basi likizo ya Agosti mimi, mwenye macho ya kusoma maandishi madogo, nikafanywa karani wake.

Tulianza na parokia ya karibu. Vitabu vya zamani havitoki ofisini, wala si kila apitaye huruhusiwa kuvipekua. Babu alijieleza kwa paroko kwanza, ndipo vikaletwa mezani, vikubwa kama meza yenyewe na vumbi lake la kutia chafya. Viliandikwa Kilatini na mapadre wa Konsolata kutoka Italia, kwa hiyo Yohana ni Ioannes na Petro ni Petrus. Tukasoma ndoa zote tangu 1938 hadi 1946, mstari kwa mstari. Hamna. Karani akafunga kitabu polepole, akasema, "Hapa hayuko, mzee. Pole." Loh! Nilimwona babu akitazama sakafu, nikatamani ningekuwa nimebaki nyumbani nikichuma kahawa.

Ni paroko aliyetufumbua macho, na kama kuna kitu kimoja cha kukumbuka katika hadithi hii, basi ni hiki. Kwanza alitukumbusha kwamba mwaka 1940 Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza, na serikali ya kikoloni ikawakamata mapadre Waitaliano na kuwaweka kizuizini. Wakati kama huo watu walifunga ndoa pale walipoweza. Pili, akasema, sheria ya Kanisa inataka ndoa iandikwe mahali pawili: katika kitabu cha ndoa pale ilipofungwa, na tena pembeni mwa jina la kila mmoja katika kitabu cha ubatizo, hata kama alibatizwa mbali. Padre aliyefungisha ndoa hupaswa kutuma habari huko. "Msitafute arusi," akatuambia. "Tafuteni ubatizo wa huyo mama."

Jumatatu iliyofuata tukapanda matatu ya Embu. Tukapita Igoji na Chuka, tukavuka Thuci, tukaiona Runyenjes mbele yetu. Zamani vitabu vya pande hizi mbili vilikuwa chini ya askofu mmoja, kwa maana Jimbo la Embu lilikatwa kutoka Jimbo la Meru mwaka 1986 tu.

Hapo shida ikawa tahajia. Padre Mwitaliano aliandika jina jinsi sikio lake lilivyolisikia, na karani wa serikali wa Kiingereza akaliandika kivyake kwenye vitambulisho. Jina kama Ciambogo unaweza kulikuta pia kama Chambogo au Shambogo, nawe ukadhani ni wanawake watatu. Katekista alikuwa mvumilivu ajabu. Tulimpata nyanya mkuu katika kitabu cha tatu, kwa jina la baba yake, si kwa jina lake. Na pembeni, kwa mkono mwingine na wino mwingine, palikuwa na mistari miwili midogo: ndoa, mwaka 1942, jina la baba yake babu, Nairobi, Mtakatifu Austin.

Nairobi! Hakuna aliyewahi kuitaja.

Kabla ya kurudi tulipita kwa mdogo wake nyanya mkuu, ajuza ambaye haoni tena ila masikio yake ni makali. Babu alimwamkia kwa unyenyekevu, akaketi karibu na miguu yake. Tulipomweleza akacheka. Kumbe yeye alijua siku zote. Ni vile hakuna aliyemuuliza. Shemeji yake alikuwa na kazi Nairobi, akamwita mchumba wake huko, lakini kwanza wazee wa Meru walileta ndama, fahali, kondoo wawili na kibuyu cha asali. "Asali ilivuka Thuci mchana," akasema, "hata mimi niliionja. Nani amesema alikuja tu?" Na cheti je? Akasema kwamba mwaka 1954, watu walipolazimishwa kuingia vijiji vya Hali ya Hatari, nyumba zilibomolewa na sanduku la dada yake likapotelea huko. Kwa maoni yangu hayo yalitosha, lakini wale jamaa walikuwa wametaka karatasi.

Mtakatifu Austin ni misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1899. Baba aliandika barua, akaambatisha nakala ya ule mstari wa pembeni. Tulingoja wiki sita. Mimi nilikuwa nimerudi shuleni, na haya yanayofuata niliyasikia kwa baba siku ya kututembelea.

Bahasha ilipofika, babu alimwambia baba asome kila neno, pamoja na namba ya kitabu. Tarehe, bwana arusi, bibi arusi, padre. Kisha mashahidi wawili, kwa maana Kanisa halifungishi ndoa bila wawili. Wa kwanza hatumjui. Wa pili alikuwa mdogo wake bwana arusi, yule yule aliyeandikiwa shamba, baba wa hao waliodai cheti.

Babu aliomba jina hilo lisomwe mara ya pili. Kisha akamtuma baba Nkubu kutoa nakala mbili. Moja aliiweka ndani ya Biblia yake. Ya pili alimpa kijana wa bodaboda aipeleke kwa wale jamaa, bila barua yoyote.