Siku Niliyowashangilia Wageni



Ndugu zangu wanafunzi, nilipoombwa niandike chochote katika jarida letu la mwaka huu niliuliza, "Hata mpira?" Nikajibiwa, "Hata mpira, mradi usituandikie matokeo matupu." Basi naandika mpira, na maalim wangu wanisamehe, kwani wao ndio waliokuwa wakitufuata kiwanjani na bakora pindi Alasiri inapoadhiniwa na sisi bado tunagombania kona.

Mimi ni Simba. Sikuchagua, nilizaliwa nikaikuta nyumbani. Marehemu baba alikuwa Simba, na kaka zangu wote. Yanga alikuwa mmoja tu katika ukoo wetu, naye ni ami yangu, mdogo wake baba, fundi cherehani hapa Tanga. Huyu mtaniruhusu nimrudie baadaye.

Mpenzi wa mpira siku yake haifanani na ya watu. Asubuhi nikitumwa maandazi napitia kwa muuza magazeti, nasimama na wenzangu kama kumi hivi, mikono nyuma, tunasoma vichwa vya habari bila ya kununua. Mwenye magazeti ameshatuzoea, anachokataa ni kufunuliwa ukurasa wa ndani. Ligi ikisimama mwezi wa Juni na Julai habari zote huwa za usajili: fulani kasaini, fulani yuko uwanja wa ndege, fulani kaonekana hotelini na viongozi. Nyingi twajua kuwa si za kweli, na twazisoma vivyo hivyo, kisha tunazichukua kwenda kuzigombania barazani. Jioni ni kibanda umiza, shilingi mia tano, ubao wa kukalia na joto la watu sitini, tukitazama Waingereza. Siku hizi wengi wanaokaa nami pale hawatazami hata mpira, wanatazama mikeka yao ya kubashiri. Mchezaji akifunga bao zuri wao wanaguna kwa sababu lilikuwa la tatu na wao walitaka mawili. Kamari hiyo ina makala yake, mwenzangu mwingine aiandike.

Sasa nirudi kwa ami.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF. Kombe hilo sasa halipo, liliunganishwa na lile la Washindi mwaka 2004 likawa Kombe la Shirikisho. Simba ilikwenda Abidjan ikatoka 0-0 na Stella, na watu wakahesabu kuwa kikombe kimeshaingia kabatini. Marudiano yakachezwa Dar es Salaam, Simba ikafungwa 2-0, mabao yote ya Boli Zozo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka sita, nakumbuka tu kwamba siku ile hakuna aliyekula chakula cha usiku na hakuna aliyenieleza kwa nini.

Ami yeye alikula, tena akatoka. Alichonga jeneza la boksi, akalivika kitambaa chekundu, akalizungusha mtaani na vijana wakimfuata kwa ngoma ya madebe. Mwisho akaliweka mlangoni kwa fundi mwenzake, Simba wa kutupwa, waliyekuwa wakishona naye baraza moja kwa miaka kumi na mbili. Ule ni utani wetu, wala hakuna aliyeuona kuwa ni kitu. Asubuhi yake yule bwana alikuja na mkokoteni, akapakia cherehani yake, akahamia mtaa wa tatu. Hakutukana, hakugomba. Alifariki mwaka 1999, na hawakuwahi kukaa tena baraza moja.

Haya nisingeyajua lau si usiku wa Simba na Zamalek mwaka 2003. Zamalek ndio waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba iliwafunga 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 Cairo, ikabidi mikwaju ya penalti. Tulikuwa tumeizunguka redio ya ami, na yeye, Yanga, katia tasbihi mkononi, kila mkwaju ananyamazisha nyumba nzima kwa kidole. Juma Kaseja alipopangua, ami ndiye aliyesimama wa kwanza. Simba ikashinda 3-2. Sisi vijana tukapiga makelele, kisha tukamgeukia: ami, imekuwaje leo? Ndipo akatuhadithia jeneza lake. Akasema furaha ya kumwona mwenzio kaanguka ina jina lake kwa Waarabu, huitwa shamata, na kwamba yeye neno hilo alilisoma darsani utotoni asilitie maanani mpaka alipouona ule mkokoteni.

Mngedhani basi mimi ningelikuwa nimejifunza.

Mwaka 2023, miaka 30 baada ya Simba, Yanga nayo ikafika fainali, ya Kombe la Shirikisho, dhidi ya USM Alger ya Algeria. Swahibu yangu, Yanga, tuliyesoma naye hapa juzuu amma tukichangia msahafu mmoja, alikuwa na tiketi mbili. Kaka yake alipata udhuru, akaniambia, "Twende. Hata kama ni Simba, macho unayo." Nikakubali. Nilivaa shati jeupe, na hapa niseme kweli, nilikuwa na nia mbaya. Kwetu mashabiki wa Simba ilikuwa ada kwamba mgeni wa Yanga ni mgeni wetu, kama ilivyo kwao kwa wageni wetu. Sikumwambia, naye hakuniuliza.

Jumapili ya tarehe 28 Mei tuliondoka Tanga mara tu baada ya swala ya Alfajiri. Ni kama kilomita 350 hadi Dar es Salaam, na safari za mpira zina raha ambayo safari za msiba na za biashara hazina. Pale Muheza watu walinunua machungwa. Basi zima lilikuwa na gazeti moja la michezo, likapita kiti hadi kiti, na lilipotufikia baada ya Segera kurasa za kati hazipo. Daraja jipya la Wami tulilivuka tukibishana kama Mayele ni bora kuliko washambuliaji wetu wa zamani. Nilikataa, nikijua moyoni kuwa anafunga kuliko wao.

Tuliswali karibu na uwanja, Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, tukapunguza kama wasafiri. (Masuala ya fiqhi mkamuulize maalim, msiniulize mimi.) Safu ya mbele yangu ilikuwa migongo ya jezi tupu, kila mgongo una jina na namba. Nilijaribu kuikusanya akili, lakini mbele ya macho yangu kulikuwa na Aziz Ki, na kila tukiinuka kutoka kwenye rukuu namwona yeye.

Getini ndipo mambo yalipoharibika. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000, na ilionekana kama wote wamekuja mlango wetu. Nyuma wanasukuma kwa sababu hawaoni mbele kuna nini, mbele hawana pa kwenda. Ilifika mahali miguu yangu haikanyagi chini. Kifua kilibanwa hata sauti ya kuita sikuwa nayo. Swahibu yangu alinishika mkono juu ya kiwiko, hakuniacha, akanivuta ubavuni kwa ukuta, na kandambili yake moja ikabaki kule. Tulipoingia ndani tulikaa kitako muda mrefu bila ya kusemezana, tunapumua tu. Yeye mguu mmoja mtupu.

Kisha mpira ukaanza, na mwanadamu ni msahaulifu. Mahious aliwafungia Waalgeria kipindi cha kwanza, nikafurahi kimyakimya. Mayele akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, uwanja ukatikisika, swahibu yangu akanikumbatia, nami nikajifanya. Haukupita muda, Merili akafunga la pili. Wallahi sikukusudia, lakini nilisimama nikapiga makofi. Mara mbili au tatu tu. Watu wote waliotuzunguka walikuwa wameshika vichwa. Mtoto wa kama miaka minane kiti cha mbele yetu alikuwa ameficha uso katika jezi ya baba yake analia. Nilipogeuka, swahibu yangu alikuwa akinitazama. Hakusema neno, aliangalia mikono yangu.

Tulipotoka ndipo tukasikia kuwa katika msongamano ule mtu mmoja amefariki na wengine wamejeruhiwa. Inna lillahi. Mtu ameaga nyumbani kwake kwamba anakwenda mpirani. Nilitazama mkono wangu juu ya kiwiko, alama za vidole bado zipo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga usiku ule hatukuzungumza. Alikuwa kanunua kandambili nyingine pale kituoni, akazivua, akaegemea dirisha. Nilitaka kumwambia ni utani tu. Kila nikifungua kinywa, nilikuwa nauona mkokoteni wenye cherehani.

Marudiano yalikuwa Algiers, Jumamosi ya tarehe 3 Juni. Nilikwenda kutazama kwa ami. Sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri, anataka asimuliwe nani ana mpira. Kabla haujaanza nilimweleza yote, hata makofi. Hakunikemea. Alisema, "Nisimulie mpira." Djuma Shabani alifunga penalti mapema, na nilijikuta nimesimama tena, safari hii nikitaka wapate moja zaidi, moja tu. Sikumbuki kama niliwahi kuiombea Yanga bao kabla ya siku ile. Hawakulipata. Walishinda 1-0, jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa bao la ugenini.

Ami aliniambia nizime televisheni, kisha akasema, "Nenda kamwone mwenzio kabla hajalala. Mimi nilisubiri asubuhi."

Nilimkuta barazani kwao na jezi yake, taa imezimwa. Nilisalimu, akaitikia. Nilisema, "Nisamehe kwa yale ya juzi." Alikaa kimya muda, kisha akasogea kwenye mkeka, nikakaa. Ndani mama yake aliuliza ni nani, akajibu jina langu, na mama akaleta kahawa na vikombe viwili.

Tulikunywa. Baadaye sana akaniuliza kama ni kweli kwamba Mayele anaondoka. Nikamwambia hivyo ndivyo nilivyosoma asubuhi kwa muuza magazeti, lakini yeye mwenyewe anazijua habari za mwezi wa Juni.