Katikati ya Ndiyo na Hapana

Kabla ya kuandika vitabu, nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari wilayani Kasulu. Siku moja niliinua chipu ndogo nyeusi, yenye miguu 14, ili darasa zima liione.

"Chipu hii ina majibu mawili tu," nilisema. "Ukiipa umeme kwenye mlango wa kuingilia, huzima mlango wa kutokea. Usipoipa, huuwasha. Ni ndiyo au hapana, basi."

Msichana aliyeketi karibu na dirisha alinyosha mkono. "Mwalimu, je, ukiipa umeme wa nusu?"

"Hakuna nusu," nilimjibu. "Andika."

Wenzake walicheka. Yeye aliinama akaandika.

Wiki chache baadaye, amplifaya ya shule iliharibika, na siku ya wazazi ilikuwa imekaribia. Sehemu iliyokufa ni ile inayopokea umeme wa maikrofoni. Umeme huo ni mdogo sana. Ni sehemu chache tu za elfu moja ya volti. Usipokuzwa kwanza, spika haiwezi kutoa sauti ya kusikika. Nilitumwa kwa fundi wa redio mjini Kibondo. Nilipanda basi, tukavuka Mto Malagarasi, nikafika nimejaa vumbi jekundu.

Fundi alikuwa mzee mpole. "Kifaa chenyewe sina, mwalimu," alisema, "lakini tujaribu hiki." Akatoa chipu iliyoandikwa 4069UB.

"Mzee, hiyo ni chipu ya ndiyo na hapana!"

"Ndiyo kazi iliyotengenezewa. Hebu tuitazame."

Aliunganisha betri kavu nne za volti 1.5, akapata volti 6. Kisha akalehemu rezista ya ohmu milioni moja kutoka mlango wa kutokea mpaka mlango wa kuingilia. Alipopima kwa mita, mlango wa kuingilia ulikuwa na volti 3, na wa kutokea volti 3. Ilikuwa nusu kamili. Nikamkumbuka yule msichana.

Je, mwanafunzi, jambo hili linawezekanaje? Fikiria kilima kama vile vya Kasulu. Juu pana uwanda, chini pana bonde, na katikati pana mteremko mkali. Ukitembea hatua moja uwandani au bondeni, hupandi wala hushuki. Lakini hatua moja mtelemkoni hukushusha sana. Chipu nayo iko hivyo. Umeme wa kuingilia ukiwa mdogo kabisa, wa kutokea hubaki juu, karibu volti 6. Ukiwa mwingi, wa kutokea hubaki chini, karibu 0. Hayo ndiyo majibu mawili niliyofundisha. Lakini katikati pana mteremko: umeme wa kuingilia ukibadilika kidogo tu, ule wa kutokea hubadilika zaidi ya mara kumi. Huko ndiko kukuza sauti.

Rezista hufanya kazi ya kamba inayomzuia mtu asiteleze. Umeme wa kutokea ukipanda, rezista hupandisha na ule wa kuingilia. Nao ukipanda, wa kutokea hushuka tena. Hivyo chipu hutulia katikati ya mteremko.

Ndani ya chipu hiyo mna vyumba sita vinavyofanana. Fundi alitumia viwili, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na rezista yake. Mbele ya kila chumba aliweka kapasita, ambayo hupitisha umeme wa sauti unaobadilika na kuzuia umeme uliotulia. Milango ya kuingilia ya vyumba visivyotumika aliiunganisha na upande hasi wa betri, ili vitulie.

Alinionya pia mambo mawili. Kwanza, chipu iliyo katikati hula betri hata pasipo sauti, lakini iliyo kwenye ndiyo au hapana haili karibu chochote. Pili, haina nguvu ya kuendesha spika kubwa. Hukuza sauti hafifu tu, kisha huikabidhi kwa amplifaya.

Siku ya wazazi, kila neno lilisikika mpaka nyuma ya uwanja. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Nilikosea. Nusu ipo, na ndiyo iliyotuwezesha kusikia." Kisha nikamwomba msichana yule aulize swali lake tena, nasi sote tukaliandika.

Aliuliza, kisha akaongeza, "Sasa mwalimu, je, tukiunganisha vyumba vyote sita?"

Safari hii nilijibu, "Sijui. Leta betri, tujaribu."

Maswali

1. Kwa nini sauti ya maikrofoni hukuzwa kwanza?
2. Taja kazi ya rezista na kazi ya kapasita katika chombo cha fundi.
3. Chipu hula betri zaidi ikiwa wapi: katikati ya mteremko, au kwenye ndiyo na hapana?

Tahadhari: Jaribu kwa betri kavu tu. Usifungue kamwe chombo kilichounganishwa na umeme wa nyumbani.