Deni Lililobaki Baada ya Joho

Mtu akimaliza chuo kikuu Uingereza, watu humuuliza habari ya mkopo wa masomo. Ovadrafti, yaani ile ruhusa ya kutumia benki zaidi ya ulichonacho, haiulizwi. Hata mwenyewe huihesabu mwisho, kwa sababu ni deni dogo. Langu lilikuwa halifiki hata sehemu ya kumi na tano ya mkopo wangu wa ada. Lakini lile kubwa lilikaa kimya miaka yote, na hili dogo likawa linanikata kila mwezi. Nayaandika haya kwa ajili ya watoto wa Unguja, Pemba, Mombasa na Barawa waliokulia huku, na kwa ajili ya wazazi wao, maana nimekuta wengi wamo humo na hawasemi.

Kwetu, suala la kwanza lilikuwa riba. Tulihama Unguja na mama nikiwa mtoto, tukakaa Milton Keynes. Nilipopata nafasi ya kusoma sayansi ya tiba mwaka 2016, nyumbani hatukuzungumza sana habari ya chuo. Tulizungumza habari ya mkopo. Ada ilikuwa pauni 9,000 kwa mwaka, ikapanda hadi 9,250 mwaka uliofuata, na mkopo wa serikali wa kuilipia una riba. Serikali ilikwisha kuahidi mfumo mbadala unaokubalika kisharia. Iliomba maoni ya wananchi mwaka 2014, na sheria ya elimu ya juu ya 2017 ikaupa nafasi. Mimi nimeingia chuo, nimesoma, nimetoka, na mfumo wenyewe ulikuwa bado haujaanza. Kwa hiyo tulimwendea sheikh, tukakaa naye tangu Magharibi mpaka Isha, na mwisho wake nikachukua mkopo wa ada peke yake, kwa dharura. Ule wa kujikimu nikauacha. Chakula, chumba na nauli ningejitafutia kwa kufanya kazi dukani Jumamosi na Jumapili.

Ndipo ikaja akaunti ya mwanafunzi. Ilikuwa na ovadrafti hadi pauni 1,500, bila riba na bila ada. Kwa mtu anayekimbia riba, ile ilikuwa faraja kubwa. Mama aliisoma karatasi ya masharti mwenyewe, kidole kikifuata mstari kwa mstari, akaiona sifuri kwenye safu ya riba. Akasema, "Hii haina neno, mwanangu. Ukipata, rudisha." Na nilikuwa nikirudisha, kila mwisho wa mwezi, kisha nikichukua tena katikati ya mwezi, kama wanafunzi karibu wote niliokuwa nao.

Siku zile programu ya benki kwenye simu ilionyesha namba mbili. Ya juu, kwa maandishi makubwa, ilikuwa fedha ninazoweza kutumia. Ya chini, ndogo, ya kijivu, ilikuwa salio lenyewe, na mbele yake alama ya kutoa. Nikiwa na deni la pauni 900, ile ya juu iliniambia nina 600. Umesimama kwenye foleni ya duka, kikapuni mna mchele na mafuta, nyuma yako watu wanasubiri: utasoma namba ipi? Mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, FCA, iliuona ubaya huo, na tangu Desemba 2019 benki haziruhusiwi tena kuihesabu ovadrafti ndani ya fedha wanazosema mteja anazo. Naishukuru kanuni hiyo kwa dhati. Kwangu ilikuja nimeshahitimu.

Joho nililivaa Julai 2019. Muda mfupi baadaye akaunti yangu ikageuzwa kuwa ya mhitimu. Masharti yake yalikuwa ya ngazi: mwaka wa kwanza pauni 1,500 bila riba, mwaka wa pili 1,000, na baada ya hapo hakuna tena. Benki nyingi hufanya hivyo, tofauti ni tarakimu na miaka tu, na mantiki yake inaeleweka: mhitimu anatazamiwa apate kazi, mshahara upande, deni lishuke. Machi 2020 ikaingia korona. Kazi niliyokuwa nimeahidiwa kwenye maabara ikasogezwa mbele, duka likafungwa, na mimi nikarudi kwa mama na deni la pauni 1,400.

Barua ya kubadilika kwa masharti ilikuja, hilo nalishuhudia. Ilikuja ndani ya programu, kwenye kisanduku kilekile kinachopokea matangazo ya bima na kadi za mkopo. Msimu wa joto wa 2020 zile pauni 400 zilizozidi ukomo mpya zikaanza kutozwa, pauni kumi na kitu kwa mwezi. Mwaka mmoja baadaye sifuri ikaondoka kabisa, na deni lote likaingia kwenye riba ya asilimia 39.9 kwa mwaka. Hesabu yake ni nyepesi na inaumiza: deni la pauni 1,400 kwa kiwango hicho ni karibu pauni 40 kila mwezi, na hizo arobaini hazipunguzi hata senti moja ya deni lenyewe.

Hapa ndipo nilipoanza kusoma. Nilitaka kujua asilimia hiyo imetoka wapi, maana kila benki niliyoitazama ilikuwa hapohapo au karibu yake. Zamani ovadrafti ilitozwa kwa ada za siku au za mwezi, na aliyepita ukomo bila idhini alitozwa zaidi. Idara ya serikali ya biashara ya haki ilizipeleka benki mahakamani, na Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba idara hiyo haiwezi kutumia kanuni za mikataba isiyo ya haki kupima ukubwa wa ada hizo. Waliokuwa wakisubiri kurudishiwa pesa zao wakavunjika moyo. Miaka ikapita. FCA ilipochunguza, ilikuta kwamba mwaka 2016 zaidi ya nusu ya ada za ovadrafti zisizo na idhini zililipwa na asilimia 1.5 tu ya wateja. Yaani wachache, tena wenye shida zaidi, walikuwa wanaubeba mzigo mkubwa wa ada hizo. Ndiyo maana Aprili 2020 ada zile zikapigwa marufuku, na kila benki ikatakiwa kutoza riba moja kwa mwaka, iliyoandikwa wazi, bila kumtoza zaidi aliyepita ukomo.

Naiunga mkono sheria hiyo, pamoja na kwamba niliyaonja makali yake. Benki zilipozuiwa kule, zilipandisha huku. Waliokuwa na ovadrafti ya makubaliano kwa chini ya asilimia 20 wakajikuta kwenye karibu 40. Lakini angalau sasa namba ni moja na inalinganishika. Shida ni kwamba kiwango hicho hakimkuti mhitimu siku anayofungua akaunti. Kinamkuta miaka mitano baadaye, kimya kimya, akiwa ameshazoea kuishi chini ya sifuri.

Nililokuwa nalikimbia likawa limenipata kwa mlango wa nyuma, tena kwa kiwango ambacho mkopo wa serikali haujakikaribia. Na tofauti haikuishia kwenye kiwango. Mkopo wa masomo wa aina yangu hukatwa asilimia 9 ya mshahara unaozidi kiwango fulani, ambacho kwa miaka hiyo kilikuwa pauni 27,295 kwa mwaka. Mimi sikuwa nafika hapo, kwa hiyo sikukatwa kitu. Ovadrafti haiulizi mshahara. Kwa masharti yake benki inaweza kuidai yote wakati wowote. Laiti mtu angetukalisha darasani, hata kwa nusu saa, akatueleza jambo hili moja!

Mama aliiona kwenye karatasi za benki, ule mstari wa makato, mwezi hadi mwezi. "Sasa hizi pauni arubaini wanakata kwa kazi gani?" aliniuliza. Nikamweleza. Akanyamaza, akavaa miwani, akazipanga karatasi mezani kwa tarehe, kisha akasema, "Hii ni riba, mwanangu. Na mimi ndiye niliyekwambia haina neno." Nilimwambia asijilaumu, kwani sifuri aliyoiona ilikuwa sifuri ya kweli siku ile. Hakulijibu hilo. Alichukua simu akampigia kijumbe wa upatu wao.

Wasioujua upatu wa kinamama wa Kizanzibari katika miji ya huku wasidhani ni mchezo. Wa mama ulikuwa wa watu kumi, pauni 150 kila mmoja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba 1,500. Wamenunuliana tiketi za kwenda nyumbani, wamezikana, wamelipiana mahari za watoto. Kijumbe anakaa Northampton na daftari lake ni la karatasi. Mzunguko mpya ulikuwa unaanza na zamu ya kwanza ilikwisha kupangiwa mama mmoja. Mama yule akakubali kusogea nyuma. Aliniambia mwenyewe kwenye simu, "Chukua wewe kwanza, mwanangu, mimi safari yangu ni ya Disemba." Nikaingia kwa jina la mama na kwa malipo yangu. Wakati huo nilikuwa nimeshapata kazi ya msaidizi wa maabara hospitalini, mshahara mdogo lakini wa uhakika. Pauni 150 kwa mwezi nilizibana na nikaziweza. Kwa miezi ile kumi ningebaki benki, riba peke yake ingekaribia pauni 400 na deni lingekuwepo palepale.

Kabla ya kulipa nilipiga simu benki kuuliza kama makato yanaweza kurudishwa. Huduma kwa wateja walinipeleka kwenye idara nyingine, huko nako wakanirudisha mwanzo, mpaka nilipomwomba mfanyakazi mmoja aandike kwamba ni malalamiko rasmi. Hapo mambo yakabadilika. Benki ina wiki nane za kujibu malalamiko, na isipojibu au isiporidhisha, mteja anaweza kwenda kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha bila kulipa chochote. Niliwaeleza pia kwamba wanatakiwa kuwatambua wateja wanaokaa kwenye ovadrafti mfululizo na kuwasaidia, na mimi nilikaa mwaka mzima bila kupigiwa simu. Walirudisha makato ya miezi kadhaa, si yote. Niliyapokea.

Kisha nikahama. Kuhama akaunti Uingereza ni jambo jepesi kuliko watu wanavyofikiri. Tangu Septemba 2013 kuna utaratibu wa pamoja wa benki: unafungua akaunti mpya, unawapa namba ya zamani, unachagua tarehe, na ndani ya siku saba za kazi kila kitu kimehamishwa. Mshahara, bili ya simu, mchango wa madrasa, vyote vilinifuata bila mimi kuandika barua hata moja. Mtu akituma pesa kwenye namba ya zamani, zinaelekezwa kwenye mpya. Kuna mawili ambayo utaratibu huo hauyafanyi, na nayasisitiza kwa yeyote anayejiandaa. Malipo uliyoyafungamanisha na namba ya kadi, kama ya filamu au ya mazoezi, hayahami. Lazima uyabadilishe mwenyewe. Na taarifa za akaunti ya zamani uzipakue mapema, kwani ikishafungwa, programu yake haikufungukii tena, na ndizo ushahidi wako kama una malalamiko.

Akaunti niliyoichagua haina ovadrafti kabisa. Nilipoulizwa kama naitaka nilisema hapana, na yule kijana wa benki akanitazama akauliza tena, kwa adabu, kama nina hakika. Nina hakika. Siku hizi simu yangu inaonyesha namba moja. Ikiwa ni 60, nina 60. Mtu ambaye hajawahi kuishi miaka mitano chini ya sifuri huenda asielewe furaha ya kuiona 60 ambayo ni yako.

Tangu hapo nimekaa na wahitimu kadhaa, msikitini na majumbani, karatasi zao zikiwa mezani. Si wote wenye upatu nyuma yao. Mmoja alihamia benki nyingine yenye akaunti ya mhitimu ya muda mrefu zaidi, ambayo ilikubali kulibeba deni lake bila riba kwa kipindi kile, akawa anapunguza kidogo kidogo. Jambo hilo linawezekana, ila uliza kwanza kama watakupa ukomo unaotosha, wala usijaze maombi benki tano kwa wiki moja, maana kila ombi huacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo. Mwingine hali yake ilikuwa nzito, akiwa na deni la kodi ya nyumba pia. Huyo nilimpeleka Citizens Advice, ambao hawalipwi na mteja, na wakamsaidia kuomba siku 60 za kupumua zilizowekwa na sheria ya England na Wales tangu Mei 2021, ambamo madeni mengi husimamishwa riba na usumbufu. Kampuni zinazotangaza kukusafishia madeni kwa malipo, naomba sana, zipiteni mbali.

Wazazi nao wana lao. Kijana akiona aibu, atailipa ile aibu kwa riba. Muulizeni kwa upole, kama mnavyomuuliza kama amekula.

Mdogo wangu anahitimu Julai hii. Ana ovadrafti ya pauni 800, na benki yake inamaliza ile sifuri mwakani, tarehe ameshaiandika kwenye kalenda ya jikoni kwa wino mwekundu. Jumamosi tutakaa naye kulinganisha akaunti za benki tatu. Kijumbe ameshaambiwa, amesema mzunguko wa Oktoba una nafasi moja.