Kifafa Huanzia Wapi?

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliozikwa, kila mmoja na siku yake. Nikiulizwa tarehe, sikosi. Lakini siku moja daktari aliniuliza neno dogo tu nikakosa jibu, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu hospitali. Tangu utoto wake huanguka kifafa, na mguu wake una kovu la moto wa jikoni. Daktari akauliza, "Bwana karani, kinapoanza, ni mkono upi unaotikisika kwanza, wa kuume au wa kushoto?" Nikanyamaza. Ameanguka mbele yangu mara nyingi, lakini kila mara nilikimbia pamoja na wengine, nikiliogopa povu lake. Mimi niliyesoma chuo cha ualimu!

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Kifafa ni machafuko ya umeme huo, na kwa wagonjwa wengine machafuko huanzia mahali pamoja tu. Upande wa kushoto wa ubongo hutawala mkono wa kuume, na upande wa kuume hutawala mkono wa kushoto. Kwa hiyo mkono unaotangulia kutikisika humwonyesha daktari pa kutafuta.

Iko pia mashine ya kupatafuta mahali hapo. Mwaka 1924, katika mji wa Jena, daktari Mjerumani Hans Berger alikuwa wa kwanza kuandika umeme wa ubongo wa mwanadamu. Visahani vidogo vya madini hubandikwa kichwani, na nyaya zake huenda kwenye mashine ichorayo mistari kama mawimbi. Mgonjwa hasikii maumivu. Penye kasoro, mistari huchomoza kama miiba. Baadaye huko Montreal, Kanada, Wilder Penfield na Herbert Jasper walitumia mistari hiyo kutafuta chanzo cha kifafa, na Penfield akaondoa sehemu iliyoharibika. Baadhi ya wagonjwa wakaacha kuanguka.

Walio wengi hawahitaji kupasuliwa. Wakimeza dawa barabara, hata watu 70 katika 100 waweza kuishi bila kuanguka. Mdogo wangu anameza zake kila jioni, nami namkumbusha.

Basi, ndugu msomaji, mtu akianguka nyumbani kwako, usikimbie. Povu haliambukizi kifafa. Mwepushe na moto, mlaze ubavu, wala usimtie kitu kinywani. Kikizidi dakika 5, mpeleke hospitali upesi. Wakati huo huo tazama: ni mkono upi ulioanza? Uso uligeukia wapi? Kilichukua muda gani? Kisha yaandike umpelekee daktari.

Siku hizi nina daftari la pili, dogo, la mdogo wangu. Ukurasa wa kwanza nimeandika: mkono wa kushoto.