Herufi Zinazopaza Sauti



Utokapo Gihundwe kuelekea Kamembe, macho yako huyafikia mabango kabla miguu haijafika madukani. Bila shaka umewahi kuvutwa na maandishi ya herufi nene, ndefu, zilizobanana kama abiria wa gari dogo, zenye uchangamfu wa mtu anayekuita kwa jina. Leo tuzitazame herufi hizo.

Kazi yake ya kwanza ni kulipa neno refu nafasi ya kuwa kubwa mahali pembamba. Kiswahili kinazihitaji. Neno “hatutawasahau” ni sentensi nzima. Kwa herufi pana, lingeugusa ukingo wa bango kabla halijaisha. Mwaka 1965, Mwingereza Geoffrey Lee alibuni herufi za namna hiyo, ziitwazo Impact, ambazo leo huzikuta katika picha nyingi za kuchekesha mtandaoni. Huko pwani, kanga ina pindo, mji na jina. Jina huandikwa kwa herufi kubwa, aghalabu katika mstari mmoja, hivyo mwanamke aweza kupita kimya huku nguo yake ikisema.

Nguvu hiyo niliwahi kuitumia vibaya. Darasa langu lilikuwa likijiandaa kumchagua kiongozi wake, nami nikatayarisha tangazo la wagombea wanne. Jina la mmoja wao lilikuwa refu mno, halikuenea katika mstari. Nikaliandika kwa herufi nene zilizobanwa, nikafurahi kwamba limeenea. Matatu yaliyobaki nikayaacha katika herufi za kawaida. Kesho yake mwanafunzi mmoja alilitazama tangazo, akaniuliza kwa adabu: “Mwalimu, kumbe wewe umeshapiga kura?”

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa alisema kweli. Sikuwa nimekusudia kumpendelea yeyote, lakini jina lile lilikuwa limeyameza mengine. Nililibandua tangazo, nikayaandika majina yote manne upya kwa herufi za aina moja na kimo kimoja, yakifuatana kialfabeti. Ilinibidi kutafuta karatasi pana zaidi. Gharama ya haki siku ile ilikuwa karatasi moja tu.

Basi, mwanafunzi wangu, zitumie herufi hizi kwa kichwa cha habari, kwa tangazo la mchezo, kwa onyo la maneno machache. Usiandikie aya nzima, maana anayepiga kelele muda wote hasikilizwi. Usizitumie katika tangazo la msiba, kwa sababu wafiwa hawaitwi kwa mzaha. Na pale ambapo raia wako sawa, herufi za majina yao nazo ziwe sawa.

Leo, ukiwa njiani kurudi nyumbani, simama mbele ya bango moja. Kabla hujayasoma maneno, jiulize: herufi zake zinampazia nani sauti, na ni nani zimemnyamazisha? Andika jibu lako kwa sentensi tano.